Nitriki oksaidi katika neva: kalsiamu au fosfeti?

Seli ya neva haiwezi kuhifadhi nitriki oksaidi, gesi inayobeba ishara kati ya seli, maana hupenya utando. Kinachodhibitiwa ni kimeng'enya kinachoitengeneza kutokana na arjinini, ambayo ni amino asidi; swali ni kipi hukidhibiti zaidi, kalsiamu au fosfeti.

Kalsiamu hufanya kazi upesi. Glutameti, kemikali ya kupeleka ishara kati ya neva, ikifungua vipokezi vya NMDA (milango kwenye utando wa seli), kalsiamu huingia, hushikana na protini ya kalmodulini, na kimeng'enya huamka papo hapo. Kinachonivutia zaidi ni ukaribu: protini ya PSD-95 hukishikilia kimeng'enya kando ya kipokezi chenyewe, pale pale kalsiamu inapoingilia.

Fosfeti huja baadaye, kurekebisha kiwango. Akt na CaMKII ni vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Akt ikiibandika kwenye kimeng'enya cha nitriki oksaidi, uzalishaji hupanda. CaMKII ikiibandika sehemu nyingine, hushuka.

Kwangu kalsiamu ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa hata CaMKII huamshwa na kalsiamu hiyo hiyo.