Fuerteventura: mchanga tele, kivuli hakuna

Nianze na bahari, maana mtu wa Tanga hilo ndilo atakaloniuliza kwanza. Maji ni baridi. Tulikwenda likizo ya vuli ya shule za huku Ujerumani, mwezi wa Oktoba, wakati bahari ya Fuerteventura imeshapata joto lake lote la mwaka, na bado ilikuwa kwenye nyuzi 22 hivi. Wajerumani walijitupa humo wakicheka. Mimi niliishia kiunoni. Februari inashuka hadi 18 au 19. Aliyelelewa na maji ya Raskazone, ufukwe wetu wa Tanga, asijisumbue.

Hilo ukishalijua, nenda. Mimi nimeona fukwe nyingi, na hizi zimenishinda maneno.

Kisiwa ni cha Hispania, mojawapo ya visiwa vya Kanari, lakini ukifungua ramani utaona kipo kwetu: kutoka hapo hadi pwani ya Morocco ni kama kilomita 100. Ndicho kikongwe kuliko ndugu zake wote. Volkeno zake zimepoa zamani, milima imelika na upepo na mvua za enzi na enzi, na kilele kirefu kuliko vyote, Pico de la Zarza, kina mita 807 tu. Hapo ndipo ulipo ukame wake. Tenerife, mmoja wa ndugu hao, ina mlima wa mita 3,715 unaoyakamata mawingu ya upepo wa kaskazini-mashariki na kuyakamua. Fuerteventura haina cha kuyakamata, basi yanapita juu kwa juu kwenda zake. Ardhi imebaki na rangi ya mdalasini. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kiwandani, ya kuogea hayana shida, ya kunywa tulinunua.

Siku za mwanzo tulikaa hoteli moja kubwa upande wa kusini, zile za kulipa mara moja kisha unakula na kunywa hadi uchoke. Siitaji jina. Mimi ni mpishi wa kantini ya hospitali Hannover, nalijua sufuria la watu mia tatu linavyotakiwa kusimamiwa, na pale hakukuwa na wa kulisimamia. Samaki wa kugandishwa katika kisiwa cha wavuvi! Viazi vya Kijerumani, soseji za Kijerumani, hata mkate ni ule ule ninaouacha nyumbani. Watoto walifurahia bwawa la kuogelea, kwa hiyo nikanyamaza. Nawaambia tu wenzangu: ukishalipia hoteli ya namna hiyo utaona uchungu kutoka kwenda kula nje, nawe utarudi hujui kisiwa kina ladha gani.

Sehemu ya pili tulipanga nyumba ndogo Lajares, kaskazini, na tukakodi gari. Gari ni lazima. Mabasi yapo, wenyewe wanayaita guagua, ni safi na yanakwenda kwa saa, lakini ufukwe mzuri hauko kwenye kituo cha basi. Mafuta ni nafuu kuliko Ujerumani, kwa kuwa visiwa vina kodi yao, asilimia 7 kwa bidhaa nyingi, wakati sisi huku tunakatwa 19. Soma mkataba wa gari kabla hujatia saini, kwa sababu bima nyingi hazikulindi ukiingia barabara ya vumbi, na nusu ya uzuri wa kisiwa uko mwisho wa barabara ya vumbi.

Sasa fukwe. Corralejo ni vilima vya mchanga mweupe vinavyoanza barabarani na kuishia majini, vinapanda na kushuka hadi mtu akitangulia kidogo humwoni tena. Kuna dereva wa watalii nilimsikia akiwaambia wageni wake kwamba mchanga ule umepeperushwa kutoka Sahara. Chota kiganjani uutazame. Ni makombe yaliyosagika, mabaki ya viumbe wa bahari ile ile iliyo mbele yako. Vumbi la Sahara lipo kweli, ila lile linakuja na upepo wanaouita calima, siku ambazo mbingu inageuka rangi ya chai ya maziwa na pua inawasha.

Sotavento, kusini, ndiko nilikokaa kimya. Kuna ulimi mrefu wa mchanga umejitenga na pwani, na maji yakijaa yanaingia katikati na kufanya ziwa la kina cha magoti, kilomita kadhaa, kijani kibichi. Maji yakipwa ziwa linakauka, unatembea juu ya mchanga mgumu wenye mikunjo. Watalii wengi walikuja wakakuta pakavu, wakapiga picha za kinyongo, wakaondoka. Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kukosea: hesabu ya mwezi ni ile ile, bamvua, yaani maji kujaa sana, ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Tulipanga siku yetu kwa hesabu hiyo na tukalipata ziwa limejaa hadi ukingoni. Hapo ndipo wanapofanyia mashindano ya dunia ya kuteleza majini kwa tanga kila kiangazi, na utaelewa kwa nini ukifungua mlango wa gari. Shika mlango. Nasema kweli, ushike kwa mikono miwili.

Upepo haupumziki. Unapiga mchanga kwenye mashavu ya miguu kama sindano, unaingia kwenye sambusa ulizofunga, unaingia kwenye masikio ya mtoto. Wenyeji na wazoefu wamejenga vikuta vya mawe meusi ya volkeno vya mviringo, urefu wa kifuani, unaingia ndani unalala na upepo unapita juu. Viko vingi Corralejo na El Cotillo. Anayewahi ndiye mwenye nacho. Ila chungulia kwanza kabla hujaingia na watoto, tafadhali. Huko watu kuvaa si lazima, na wazee wa Kijerumani wanaipenda sana ruhusa hiyo. Baba watoto alitangulia kwenda kukagua kimoja, akarudi mbio akiwa ameziba uso, na mpaka leo hataki kusimulia.

Kivuli hakuna. Mwavuli utauchukua upepo. Mimi na weusi wangu nilibabuka mabega. Nyota ya tano naizuia kwa sababu hiyo, nne nawapa.

Cofete ipo nyuma ya milima ya Jandía, barabara ya vumbi yenye makorongo pembeni. Tuliliacha gari Morro Jable tukapanda basi la magurudumu makubwa lililotengenezwa kwa njia ile. Ufukwe ni mrefu ajabu, mtupu, mawimbi yanavunjika kwa kishindo. Kuogelea usithubutu, mkondo ni mkali. Kuna makaburi ya zamani mchangani na nyumba ya Mjerumani mmoja, Gustav Winter, ambayo watu wameitungia hadithi nyingi za vita na manowari. Hadithi zile hazikunivuta. Makaburi yalinivuta, tukasoma Fatiha tukaondoka. Ajuy ni mchanga mweusi na mapango, na miamba ya zaidi ya miaka milioni 100 iliyokuwa sakafu ya bahari. Saa moja inatosha. Betancuria, mji mkuu wa kale ulioanzishwa 1404, ni wa kunywea kahawa.

Chakula nakitolea nafasi yake. Mbuzi ni wengi, wanazurura juu ya mawe wasio na mchungaji, na mji mkuu wenyewe, Puerto del Rosario, hadi 1956 uliitwa Puerto de Cabras, yaani bandari ya mbuzi. Jibini lao la mbuzi, majorero, lina hati ya kulinda jina tangu 1996, na lina haki nayo. Kuna changa, la kati na lililokomaa. Chukua la kati lililopakwa paprika gandani: chumvi ya kiasi, utamu kama wa karanga nyuma ya ulimi. Ubavuni lina michoro ya msuko, kwa sababu zamani lilikandamizwa ndani ya ukili wa makuti. Niliushika mduara ule nikaupapasa muda mrefu, bibi yangu alisuka ukili hadi macho yalipomkataa. Siku hizi wengi hutumia plastiki yenye mchoro ule ule.

Nyama ya mbuzi ya mikahawani tuliiacha, hatukujua kachinjwa vipi. Samaki ndiyo ilikuwa kazi yetu. Wana pono, wanamwita vieja, wanamchoma mzima au wanamchemsha, na nyama yake ni nyeupe, laini. Tena wanampasua, wanamtia chumvi na kumwanika juani na upepo ule, ng'onda kamili! Muuzaji El Cotillo alishangaa nilivyomnusa na kucheka peke yangu. Unaletewa na viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda katika maji ya chumvi nyingi hadi vikasinyaa, na chatne mbili: nyekundu ya pilipili kavu, ya kijani ya kotmiri na kitunguu saumu. Ya kijani niliiomba tena. Kuna na gofio, unga wa nafaka iliyokaangwa kabla ya kusagwa, wanausonga kwa mchuzi wa samaki wa moto. Mkubwa wetu aliusukuma pembeni, mdogo akamaliza sahani zote mbili.

Jambo moja halimo kwenye vipeperushi vya utalii. Mashua ya kwanza ya wahamiaji ilifika kisiwani hapo Agosti 1994, na vijana wawili wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, ndani yake. Tangu hapo njia hiyo imemeza watu wengi. Pale Corralejo kijana wa Senegal aliyekuwa akiuza miwani alinisalimia salaam alaikum, tukasimama tukaongea kwa Kijerumani chake kidogo na Kifaransa changu kibovu. Nilimuuliza kafikaje, akaonyesha bahari kwa kidevu. Sisi tulikuja na ndege, mwendo wa saa tano tu, na uwanjani hakuna aliyeuliza hata majina yetu. Nilinunua miwani. Ilivunjika kesho yake, sijali.

Wanaotaka kwenda kisiwa kidogo cha Lobos, boti ni robo saa kutoka Corralejo, lakini ombeni kibali mtandaoni mapema, ni bure na wanaingia watu 200 kwa zamu. Vindi wa kasoko (mdomo wa volkeno) ya Calderón Hondo watakuja hadi kwenye viatu vyenu kuomba njugu. Ni marufuku kuwapa, nao si wenyeji, waliletwa kutoka Afrika 1965 wakazaana.

Anayetokea Dar au Mombasa ajue viza ni ya Schengen ile ile, na atabadilisha ndege bara la Ulaya. Saa ya visiwani iko nyuma ya Madrid kwa saa moja. Jibini omba wakufungie kwenye mfuko uliotolewa hewa, na ulitie kwenye begi la mizigo, chini kabisa, mbali na nguo za ibada.