Kitakasa mikono kinachotengenezwa hospitalini: tathmini kutoka wodi ya upasuaji

Kitakasa mikono ninachokitathmini hapa hakina nembo wala tangazo. Ni kimiminika kisicho na rangi wala manukato, kinachotengenezwa na famasia ya hospitali kwa kufuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na hujazwa katika chupa za mililita 500 kwa ajili ya wodi na za mililita 100 za kuweka mfukoni. Nimekitumia katika wodi ya upasuaji ya hospitali ya mkoa kwa muda wa kutosha kukilinganisha na jeli za madukani, na ninaona kuwa dawa yenyewe inastahili sifa karibu zote, ila chupa zake, na hasa mahali zinapowekwa, ndizo zinazoiangusha.

Kanuni ya kwanza ya WHO inataka ethanoli, ambayo ni aina ya kileo, asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125, ilhali ya pili hutumia kileo kingine, isopropanoli, asilimia 75 badala ya ethanoli, na vingine hubaki vilevile. Kwa lita 10 za kanuni ya kwanza, mfamasia hupima mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha huongeza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kufikia alama. Wengi hudhani kuwa peroksaidi ndiyo inayoua vijidudu mikononi, kumbe kazi yake ni kuangamiza spora za bakteria, yaani bakteria waliojifungia katika ganda gumu, ambazo huenda ziliingia pamoja na malighafi au zilikuwa ndani ya chupa, na ndiyo sababu mchanganyiko hutengwa kwa saa 72 kabla ya kupelekwa wodini. Kinachofanya kazi mikononi ni kileo, tena kileo chenye maji ndani yake, kwa kuwa protini za vijidudu haziharibiki kirahisi pasipo maji. Anayepunguza maji akidhani anaongeza nguvu anaidhoofisha dawa.

Katika matumizi ya kila siku, kitakasa hiki hukauka upesi na hakiachi harufu inayodumu. Inatosha kumimina kiganjani kiasi cha kuenea mikono yote miwili, kisha kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu mwendo wa kwenda kwenye sinki lililo mwisho wa wodi na kutafuta cha kujifutia. Muuguzi mwenye vitanda vingi vya kuhudumia zamu ya usiku, kila kimoja kikiwa na dripu, kidonda cha kufungwa au mpira wa mkojo, hawezi kwenda sinkini kila anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, na atakayesema anaweza hajawahi kushika zamu hiyo.

Dosari za dawa yenyewe ni chache, lakini zinasumbua. Baada ya kupaka mara nyingi mfululizo, gliserini hujikusanya na mikono huanza kunata, jambo linalowafanya baadhi ya wenzangu wakimbilie jeli ya dukani. Ukivua glavu zenye poda na kupaka papo hapo, poda hushikamana na dawa na kuacha chengachenga katikati ya vidole, nawe utalazimika kunawa. Ngozi yenye mchubuko huwashwa vikali. Hata hivyo sishauri kutia rangi wala manukato ili kuipendezesha, kwa sababu manukato huwaletea baadhi ya watu mzio, na WHO yenyewe haipendekezi.

Kuna wenzangu Waislamu walioingiwa na wasiwasi kuhusu kileo. Suala hilo limejadiliwa katika miongozo ya WHO, ambayo inataja kikao cha wanazuoni wa Rabita, jumuiya ya kimataifa ya Waislamu, kilichofanyika Makka mwaka 2002 na kuruhusu dawa zenye kileo panapohitajika. Wengi wa niliozungumza nao waliridhika.

Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya mwaka 2022, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo humo hospitalini, ilhali katika nchi tajiri ni 7, na kwa wastani mmoja kati ya kila kumi wanaoambukizwa hivyo hufariki. Ushahidi kuwa kitakasa cha kileo kinasaidia ni wa siku nyingi. Daktari Didier Pittet na wenzake wa hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kampeni yao: usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita ni kwamba unawaji wa sabuni haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa, bali kilichoongezeka ni matumizi ya kileo, na chupa zilikuwa zimewekwa kando ya vitanda. Geneva hawakugawa dawa peke yake. Waligawa dawa iliyo karibu na mkono.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu makubwa. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, chupa zote zilifungiwa kabatini mwa mkuu wa wodi, na ufunguo ulikwenda naye nyumbani saa tisa na nusu. Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi, na wizi upo kweli, na wapo pia wanaokunywa. Lakini dawa iliyofungiwa haimlindi mgonjwa aliyeshonwa asubuhi, na njia ya kuzuia wizi inajulikana: kila mhudumu apewe chupa ya mfukoni kwa sahihi, airudishe tupu ndipo apewe nyingine iliyojaa. Wodi yangu ya sasa inafanya hivyo na utaratibu unakwenda.

Ndugu wa wagonjwa nao wamesahauliwa. Hospitali zetu zinawategemea wao kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza na hata kumwaga mkojo, ilhali nyakati tano za kusafisha mikono zilizobandikwa ukutani zinamzungumzia mhudumu peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe aliniuliza, akiwa bado ameshika beseni, "Sista, na sisi tunaruhusiwa kupaka?" Nilimmiminia, nikamwonyesha namna ya kusugua vidole gumba, lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa chupa ile ilimhusu. Kwa maoni yangu maelezo ya kwenye lebo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, pamoja na onyo la moto, kwa kuwa dawa hii hushika moto haraka na katika baadhi ya wodi majiko ya kuchemshia hayako mbali.

Dawa hii ina mipaka yake pia. Haifai kwa mikono yenye damu, usaha au kinyesi kinachoonekana. Hiyo ni kazi ya sabuni na maji. Haiui spora za Clostridioides difficile, bakteria wanaoharisha, na kwa norovirusi, virusi vya kuhara na kutapika, haiaminiki sana, kwa hiyo mgonjwa wa kuhara akiwepo, sinki ndilo la kutegemewa. Glavu nazo haziondoi haja ya kuipaka, ingawa nimewaona madaktari wakipita kitanda hadi kitanda na glavu zilezile, wakijiona wako salama. Wako salama wao.

Kwa hospitali inayofikiria kuanza kujitengenezea, ninaipendekeza bila kusita, mradi famasia iwe na kipimo cha kupimia kileo na chumba chenye hewa ya kutosha, na isizidishe lita 50 kwa mkupuo kama haina mitambo maalumu ya hewa. Kila chupa iwe na namba ya toleo na tarehe. Chupa zinazorudi zisiongezwe dawa juu ya masalia, bali zioshwe, kisha zichemshwe, au kama plastiki yake haistahimili joto, zilowekwe kwenye maji ya klorini kwa dakika 15 na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Na mwenye kuagiza chupa aagize pampu za akiba, kwa kuwa zetu huanza kukwama kabla chupa hazijachakaa, na chupa yenye pampu iliyokwama hubaki ukutani imejaa, mkaguzi akaihesabu kuwa ipo.