Crisis Core kwenye PSP: gemu la dakika tano tano

Crisis Core: Final Fantasy VII lilitoka Japani Septemba 2007, kisha Marekani na Ulaya 2008, kwa PSP tu, kifaa cha Sony cha kuchezea gemu mkononi. Ukitafuta gemu la mapigano na kukuza mhusika lililotengenezwa na watu walioelewa kwamba mchezaji yuko garini, kwenye foleni au anasubiri chipsi ziive, hili bado liko mstari wa mbele. Lina misheni 300, na nyingi huisha ndani ya dakika chache. Abiria wa Coaster ya Moshi akianza kucheza gari likitoka stendi Arusha, anaweza kuwa amefunga misheni kadhaa kabla ya Usa River, na konda akija kudai nauli anailaza PSP bila kupoteza kitu. Shida ni kwamba gemu hilohilo likirudi kwenye hadithi yake kuu linasahau kuwa liko mfukoni. Video za hadithi huwezi kuziruka, sehemu za kuseva (kuhifadhi ulipofika) zinakuwa mbali, na ukipigwa na bosi, yaani adui mkubwa, unasikiliza mazungumzo yaleyale upya. Karibu kila sifa na kila lawama niliyonayo inatoka kwenye mvutano huo.

Hadithi ni ya Zack Fair, askari wa daraja la pili wa SOLDIER, kikosi teule cha kampuni ya Shinra, miaka saba kabla ya Final Fantasy VII ya 1997. Mwisho wake wengi waliujua kabla hata gemu halijatoka, na waandishi hawakujaribu kuuficha; wanakupeleka nao taratibu kwa sura kumi. Angeal na upanga wake mkubwa, Sephiroth akiwa bado mtu wa kuongea naye vizuri, Aerith akiwa anauza maua kwenye mtaa wa mabanda wa Midgar: hao wameandikwa vizuri. Genesis ndiye anayechosha. Kila akitokea anakariri mistari ya tamthilia moja ya kubuni iitwayo LOVELESS, na ukifika katikati ya gemu unaijua kwa moyo bila kupenda.

Sasa mapigano. PSP ina kifimbo kimoja tu cha analogi na haina vitufe vya ziada vya begani, L2 wala R2, kwa hiyo kila kitu kimebanwa. Amri ziko chini kulia mwa skrini: shambulio, materia zako (mawe yanayokupa uchawi na mbinu) na vitu vya begini. Unazizungusha kwa L na R, unabonyeza X kutekeleza. Mraba ni kujirusha pembeni, pembetatu ni kukinga. Uchawi unakula MP, pointi za uchawi. Kukwepa, kukinga na mbinu za upanga vinakula AP, pointi za vitendo. Hapo ndipo wanaoanza wanapoumia. Wanabonyeza mraba ovyo, AP inakwisha, na bosi anaposhusha pigo kubwa hawana cha kukwepea. Kwepa pale adui anapoanza kuinua mkono, na ujirushe kuelekea mgongoni kwake, maana pigo la mgongoni lina madhara zaidi.

Juu kushoto mwa skrini kuna DMW, safu tatu zinazozungusha sura na namba muda wote wa pigano. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni dubwi la mtaani. Kila mzunguko unakula SP 10, na SP ni pointi unazozipata kwa kuua maadui. Sura ya kushoto na ya kulia zikifanana, pigano linasimama, safu zinajaa skrini nzima, na ya katikati ikikamilisha picha, Zack anapiga pigo maalumu la mtu huyo: Octaslash ya Sephiroth, Rush Assault ya Angeal, Healing Wave ya Aerith na kadhalika. Hapohapo gemu linasoma namba. Zikilingana mbili au tatu, materia iliyo kwenye nafasi ya namba hiyo inapanda ngazi. Zikija 777, Zack mwenyewe anapanda levo, yaani ngazi ya nguvu zake.

Wengi wanaishia hapo na kutangaza kwamba kupanda levo ni bahati nasibu. Si kweli. Nyuma ya pazia gemu linahesabu uzoefu wako kama magemu mengine yote, halikuonyeshi tu. Ukishakusanya wa kutosha, 777 inakaribia kuja, na ukiwa umetoka tu kupanda, inakuwa adimu. Kwa hiyo anayekimbia mapigano madogo akingoja bahati impandishe atangoja sana. Na ukiona safu zimeacha kuzunguka, angalia SP kabla ya kulaumu gemu. Zikiisha, hakuna pigo maalumu wala levo mpaka ukusanye nyingine.

Kasoro halisi ya DMW ni nyingine: haisubiri. Healing Wave, ambayo ni ya kuponya, inakuja ukiwa na HP (uhai) kamili, Octaslash inamwangukia adui aliyebakiza pumzi moja. Na mara nyingine sura zikilingana unaonyeshwa kipande cha kumbukumbu ya Zack na mtu huyo, katikati ya bosi, ukiwa umeshapanga pigo lako. Mara ya kwanza inapendeza. Baadaye inakera kwelikweli, na hakuna mahali kwenye mipangilio pa kuizima.

Misheni unazifungua kwenye sehemu yoyote ya kuseva, kupitia menyu. Unachagua, unatupwa kwenye pango, uwanda au kambi ya Shinra, unamtafuta mlengwa, unampiga, unarudishwa palepale ulipotoka ukiwa na zawadi. Ramani ni chache na zinajirudia mno. Ukishaona pango la kwanza umeyaona karibu yote. Maadui hawaonekani mpaka ukanyage eneo lao, na kwa kawaida hayo maeneo yako katikati ya njia au uwanja. Ukitembea ukiwa umebana ukuta unawapita wengi bila kupigana, jambo la maana sana kama unataka tu kufikia sanduku lililo kwenye kona. Masanduku usiyadharau: mengine yana vifaa ambavyo duka halina, vikiwemo vya Genji, na maduka yenyewe mengine yanafunguliwa kwa misheni.

Usizimalize mapema, hata hivyo. Mtu akikaa sura ya tatu akapiga misheni mia, hadithi kuu inageuka matembezi: mabosi waliokusudiwa kukutisha wanaanguka kwa mapigo manne. Kipimo kizuri ni nyota za ugumu zinazoonyeshwa kwenye orodha ya misheni. Chukua zinazokutoa jasho kidogo, ukianza kushinda bila kukinga rudi kwenye hadithi. Zilizobaki zitakusubiri. Ukifika Nibelheim sura ya nane, lakini, pumzika kwanza na uzungumze na kila mtu kijijini, maana Maajabu Saba ya pale yakikupita yamekupita mpaka uanze upya na New Game Plus, mzunguko wa pili wa gemu.

Uundaji wa materia ndio sehemu tajiri kuliko zote, na gemu linaieleza vibaya. Unachanganya materia mbili upate moja. Fanya hivi: tumia zote mbili mpaka ziandikwe MASTER, yaani zimefika ngazi ya juu kabisa, kisha ndipo uzichanganye. Zikiwa bado changa, unachopata huwa hafifu zaidi. Kabla ya kukubali, gemu linakuonyesha kitakachotoka. Soma mstari wa nyongeza chini yake, si jina tu. Nyongeza ya HP, MP, ATK (nguvu ya kushambulia) au nyingine inarithiwa, na baadaye ukiruhusiwa kuongeza vitu vya begini kwenye mchanganyiko, inapanda kwa kasi. HP inafika mpaka asilimia 999 juu ya ile ya asili. Mchanganyiko unalipiwa SP, zilezile zinazozungusha DMW, kwa hiyo usikaushe mfuko wako kabla ya bosi.

Ukifika hapo utakutana na Costly Punch. Ni ngumi inayokata sehemu ya HP yako na kugeuza HP hiyo kuwa madhara. Ukiwa na materia zilizojaa nyongeza ya HP na kifaa cha kuvunja ukomo wa madhara, ngumi moja inatoka 9,999 na kufika 99,999. Kuanzia siku hiyo gemu linakuwa la kitufe kimoja. Kwa Minerva, bosi wa misheni 9-6-6 mwenye HP za mamilioni, utaihitaji; kwa hadithi kuu iache begini. Minerva huyohuyo ana mashambulio yanayoweza kukumaliza kwa mara moja, basi kumbuka Phoenix Down, kitu cha kufufua, hapa inatumika ukiwa hai, ikusubiri, kwa sababu Zack hana mwenzake wa kumfufua. Inapotumika, weka nyingine papo hapo kabla hujarudia kupiga.

Mwanzoni utaulizwa Normal au Hard na huwezi kubadili katikati. Normal kwanza. Hard haibadilishi akili za maadui, inawaongezea tu HP na nguvu, na inafaa zaidi kwa mzunguko wa pili ukiwa umebeba levo na materia zako.

Kuhusu PSP yenyewe. Huku kwetu utaipata mitumba, Arusha mjini au Moshi kwenye maduka ya simu na vifaa vya umeme vilivyotumika, na si kila PSP inafaa kwa gemu hili. Crisis Core lipo kwenye UMD tu, diski ndogo ya PSP. Halikuwahi kuuzwa kwa kupakua mtandaoni. PSP Go haina mahali pa UMD, PS Vita vilevile, kwa hiyo ziache. PSP-1000, 2000 na 3000 zinafaa zote, na 3000 inaonekana vizuri zaidi kwenye mwanga wa dirishani. E1000 ni ya bei nafuu kwa sababu haina Wi-Fi na spika yake ni moja. Wi-Fi huihitaji hapa, ila muziki wa Takeharu Ishimoto usikilize kwa hedifoni.

Ukiwa mbele ya muuzaji, anza na L na R. Kwa kuwa amri zote zinazungushwa kwa hizo, ambayo inashika mara moja na kukataa mara mbili itakuua kwenye kila pigano. Bonyeza kila moja kona ya nje, katikati na kona ya ndani. Kisha kifimbo cha analogi: kiachie na uone kama kuna kitu kinatembea chenyewe. Fungua mfuniko wa betri. Betri iliyovimba inausukuma mfuniko, na hiyo usiichaji hata kidogo. Kwenye System Settings kuna Battery Information inayoonyesha asilimia. Ikiruka kutoka 60 hadi 20 ghafla, betri imechoka. Mwisho weka UMD yoyote uisikilize. Mlio wa kukwaruza au kusoma na kuacha mara nyingi ni vumbi kwenye lenzi, na kwa vumbi letu la kiangazi hilo ni la kawaida. Pulizia kwa blowa ya mpira, si kwa mdomo, maana mate yanaganda kwenye lenzi.

Diski yenyewe ikague kwenye kidirisha cha plastiki angavu. Gundi yake huachia na kidirisha kikatoka. Hilo linatengenezeka kwa tone dogo la supagluu kwenye ukingo, mbali na diski. UMD za gemu hazifungwi kwa eneo, ila lugha ndiyo mtego: yenye namba inayoanza na ULUS ni ya Marekani, ULES ya Ulaya, na ikianza na ULJ ni ya Japani, Kijapani mwanzo mwisho. PSP za Japani nazo ni nyingi kwenye mitumba, na kwenye menyu zake kukubali ni duara badala ya X.

UMD inazunguka muda wote na inakula betri. Chaja ya PSP ni volti 5, kwa hiyo waya wa USB wenye kichwa cha duara cha milimita 4.0 kwa 1.7 unaichaji kwenye pawabanki, na umeme ukikatika unaendelea. Kuilaza, sukuma swichi ya kulia kwenda juu na kuiachia mara moja. Ukiishikilia kama sekunde tatu inazimika kabisa na ambacho hukuseva kimekwenda. Betri ikiisha kabisa ikiwa imelala, au ukiichomoa, ni vilevile. Kwenye hadithi kuu, ambako kuseva ni kwa nadra, kulaza huku ndiko kunakofanya gemu lichezeke garini.

Desemba 2022 lilirudi kwa jina la Crisis Core: Final Fantasy VII Reunion, kwenye Switch, PlayStation, Xbox na kompyuta. Karibu kila kilichonikera kimerekebishwa: video zinarukwa, kamera inazunguka kwa kifimbo cha pili, na pigo maalumu la DMW linasubiri mpaka ulibonyeze mwenyewe. Ramani za misheni zimebaki zilezile chache. Mwenye Switch achukue hiyo, hana sababu ya kuhangaika na UMD. Mwenye PSP nzima tayari, yenye L na R zinazoitika, atafute ULUS au ULES iliyo safi na atakuwa na gemu lilelile kasoro kitufe cha kuruka.