TAHADHARI: Fundi wa Kariakoo anayeuza antivairasi ya elfu hamsini

Jamani, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Jumapili kwenye grupu la familia watu wameombwa hela kwa jina langu. Ila shangazi, ile meseji ya "mwanangu kalazwa, tuma kwenye namba hii" sikuandika mimi!

Huyu fundi alivyoniingiza mjini sasa. Nimempelekea kompyuta ya nyumbani, ile ya watoto, ilikuwa inajivuta tu. Kabofya bofya, kanigeuzia kioo: alama nyekundu kuanzia juu hadi chini. "Unaona dada? Zote hizo vairasi." Kumbe ile ni Event Viewer, daftari la Windows la kuandika yanayotokea kwenye mashine, na hata kompyuta isiyo na tatizo ina nyekundu zake mle. Kachomeka flashi, kazima Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, eti zitagombana, ndipo akaweka yake, "orijino, mwaka mzima". Nisimwamini kwa nini? Ana fremu, si wa kutembeza. Mashine ya risiti iko mezani. Tena kweli antivairasi mbili hugombana, hilo hakudanganya. Nikadai risiti: "Mtandao unasumbua dada, pitia kesho." Elfu hamsini hiyo imeenda.

Kumbe hiyo ya flashi ndiyo kidudu chenyewe, kikazoa paswedi zote nilizohifadhi kwenye Chrome. Facebook ikaondoka, imeili ikafuata, halafu ndugu zangu wakaanza kuombwa hela kwa jina langu. Binamu katuma. Aibu yake acheni.

Mtu kama huyu si wa kuonywa, ni wa kulala ndani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, wanaisubirisha nini? Na anayeniambia "kijana anatafuta riziki" amlipe binamu kwanza.

Haya, fundi akizima ulinzi ili programu yake iingie, beba kompyuta yako uondoke. Ya kulipia ina akaunti na leseni yako, siyo flashi ya kuchakachua. Defender yenyewe ni bure, imo ndani ya Windows (ila Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, hamieni 11). Na kama ameshakushika, usibadilishe paswedi kwenye kompyuta hiyohiyo, atazisoma tena. Tumia simu, kisha toa akaunti kwenye vifaa vyote.

Jina la fremu siandiki, polisi wanalo. Namba iliyopokea hela ya binamu nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Aliyelizwa na huyuhuyu aje inbox twende kituoni pamoja.