Krimu ya asiklovia, vidonge vyake na mafuta ya mdomo ya kukinga jua: uzoefu wangu wa misimu mitatu ya korosho

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima huku Tandahimba, mkoani Mtwara. Magunia ya korosho yakianza kuingia ghalani mwezi wa kumi, nasimama nje tangu saa moja asubuhi mpaka jua linazama, na jua la Oktoba huku kwetu, kabla mvua hazijafika, aliyewahi kulisimamia analijua. Kila msimu, wiki ya pili au ya tatu, mdomo wangu wa chini upande wa kushoto ulikuwa unatoka malengelenge. Palepale, kila mara. Vinaanza vipele vinne vitano vilivyosongamana, vinajaa maji, vinapasuka, linaota gaga, na nikicheka gaga linachanika damu inatoka. Siku kumi zinakwenda hivyo. Napona, mwezi haujaisha limerudi.

Kwa misimu mitatu sasa nimetumia vitu vitatu: krimu ya asiklovia (dawa ya kuzuia kirusi cha herpesi, ambacho ndicho kinaleta malengelenge haya), vidonge vya asiklovia, na mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua. Nitaeleza kila kimoja kimenifaa kiasi gani, kwa sababu najua tupo wengi tunaoongea na watu huku tumeziba mdomo kwa leso.

Lakini kwanza nieleze nilivyohangaika, maana pesa nyingi zilipotea huko.

Nilianza kwa kuisingizia salfa. Kuanzia mwezi wa sita tunapulizia mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na ile salfa ya unga upepo ukigeuka inakurudia usoni, macho yanawaka, midomo inachonyota. Ila malengelenge yangu yalikuwa yanakuja Oktoba, mashine zimeshafungiwa stoo siku nyingi. Nikahamia kwenye mafuta ya ganda la korosho. Aliyewahi kubangua kwa mkono anajua yanavyobabua ngozi, ndiyo sababu mama zetu hujipaka majivu kabla hawajakaa kubangua. Nikaacha kabisa kugusa maganda. Haikubadilisha kitu. Sasa hivi naona nilipaswa kujiuliza mapema: mafuta yale yangekuwa ndiyo mwenye kosa, vidole vingeungua kabla ya mdomo. Vidole vyangu vilikuwa vizima, na mdomo uliumia doa lilelile moja.

Mama yangu yeye alikuwa na jibu lake. "Mwanangu, hiyo ni homa inatoka. Ikishatokea mdomoni ujue malaria imekwisha." Jirani yetu akasema nimekojolewa na buibui usingizini. La buibui sikulifuata, la mama nililiamini miaka mingi, kwa sababu kweli kila nilipougua malaria mdomo ulifuata.

Nikajaribu dawa ya meno, nikajaribu limao na chumvi (usijaribu, unaumia bure). Nikala amoksilini. Kisha duka moja la dawa wakaniuzia tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ile ambayo watu wanapaka kwa kila kitu, kuanzia fangasi hadi chunusi. Siku ya tatu malengelenge yalikuwa yameshuka mpaka kidevuni. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ndani yake mlikuwa na steroidi, ambayo inaipunguzia ngozi nguvu ya kupigana, na kirusi kikapata nafasi ya kutembea. Naomba sana ndugu zangu, kabla hujapaka krimu ya namna hiyo mdomoni, muulize muuzaji ndani yake mna nini.

Kidevu kilinipeleka hospitali. Daktari hakukaa hata dakika mbili akatambua: herpesi ya mdomo, kirusi kinachoitwa herpesi simpleksi aina ya 1. Wengi wetu tunakipata tungali watoto, kwa busu la mtu mzima au kwa kuchangia kikombe na kijiko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho. Kikishaingia hakitoki. Kinapanda kwenye mshipa wa fahamu wa uso na kulala karibu na sikio, na wengine kinalala humo maisha yao yote bila kuwasumbua. Kwa wengine kinaamka na kurudi kwa njia ileile kilichopitia, ndiyo maana kidonda kinatokea palepale. Vinavyokiamsha ni homa, jua kali, uchovu, mawazo, na kwa baadhi ya wanawake siku zao za hedhi.

Kwa hiyo mama alikuwa ameona vizuri, ila maana yake ni nyingine. Malaria inakiamsha kirusi. Haitoki kwa njia ya mdomo, na kidonda si risiti ya kupona. Nikimwona mtu ana homa anasubiri mdomo utoke ndipo ajue amepona, nafsi yangu inaumia, kwa sababu siku anazosubiri ndizo alizotakiwa kupima.

Daktari aliniuliza pia kama nimepima VVU. Najua swali hilo linavyosikika kwenye mji mdogo, na nilikuwa nimeshasikia minong'ono pale mizani. Nilipima, sikukutwa navyo, na nimepima tena baada ya hapo. Vidonda hivi vinampata mtu yeyote. Alichonieleza ni kwamba kinga ya mwili ikishuka vinakuwa vikubwa na haviponi, kwa hiyo kidonda kikipita mwezi mzima mtu asikae nacho nyumbani.

Sasa dawa zenyewe.

Krimu ya asiklovia, asilimia 5. Kwenye boksi utasoma Aciclovir. Nililipa shilingi 4,000 kwenye famasi Mtwara mjini, kwa sababu huku kwetu siku ile haikuwepo. Inapakwa mara 5 kwa siku, kila baada ya saa nne. Mimi napaka saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, kwa siku 5. Ni ratiba nzito kwa mtu wa mizani: mikono ina vumbi la magunia na kila mara unatakiwa unawe kabla na baada ya kupaka. Mara ya kwanza nilianza kupaka malengelenge yakiwa yameshajaa, na sikuona tofauti yoyote. Nilitaka kuitupa. Mfamasia ndiye aliyeniambia, "Kaka, hii dawa inazuia kirusi kisizaliane. Ukiona malengelenge, kimeshazaliana sana. Wewe ipake pale mdomo unapoanza kukuwasha."

Hilo ndilo neno lililobadilisha kila kitu. Kabla hapajaonekana chochote kuna masaa, kwangu ni kama kumi hivi, ambapo lile doa linacheza. Linawasha, linavuta, kama mdudu anatembea chini ya ngozi. Zamani nilikuwa nalipuuza mpaka asubuhi. Nilipoanza kupaka ndani ya masaa hayo, kidonda kilikuja kidogo na kikawahi kukauka. Usitegemee muujiza lakini: krimu inaokoa nusu siku, au siku moja. Inachonyota kidogo ukipaka, na ukila wali wa nazi imeshafutika. Naipa alama 5 kati ya 10.

Vidonge vya asiklovia. Hivi niliandikiwa na daktari: miligramu 200, mara 5 kwa siku kwa siku 5, jumla vidonge 25. Kwangu vimefanya kazi vizuri kuliko krimu, hasa msimu ule kidevu kilipoumia, kwa sababu vinafika kokote kirusi kilipo safarini. Unatakiwa unywe maji ya kutosha, na kwa jua letu hilo ni jambo la kukumbuka kweli. Nilipata kichefuchefu siku mbili za mwanzo, kikaisha. Daktari aliniambia mwenye tatizo la figo, mjamzito au anayenyonyesha asijinunulie mwenyewe. Ipo na dawa ndugu yake, valasiklovia, ambayo kwa ugonjwa huu unameza gramu 2, halafu gramu 2 nyingine baada ya saa 12, basi. Bei yake ilinishinda. Akaniambia pia kwamba yule ambaye vinamrudia mara sita au zaidi kwa mwaka anaweza kuwekwa kwenye dozi ndogo ya kila siku ya kuvizuia, arudi waongee. Mimi sijafika huko. Vidonge naviwekea 8.

Mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua, namba 30. Haya ndiyo nayasifia kuliko vyote, na ndiyo yaliyonigharimu zaidi, shilingi 12,000 kwa kijiti kidogo cha urefu wa kidole. Nilisita. Nikajiuliza kwa nini nisipake mafuta ya mgando niliyo nayo nyumbani. Lakini mafuta ya mgando yanalainisha tu, jua linapita. Unatafuta kile kilichoandikwa SPF 30 au zaidi. Nilipaka kila baada ya saa mbili na kila nilipomaliza kula au kunywa maji, na nikaanza kuvaa pama badala ya kofia ya kapelo, kwa sababu kapelo inakinga paji la uso tu, mdomo unabaki juani. Msimu wa kwanza, bila mafuta haya wala pama, nilitokwa mara tatu, Oktoba mpaka Desemba. Msimu uliofuata nikiwa na mafuta na pama, mara moja. Najua ni mdomo wa mtu mmoja. Huenda na mambo mengine yalipungua, mwaka ule sikuugua malaria hata siku moja. Ila nimerudia msimu wa tatu, na matokeo ni yaleyale.

Kasoro zake: yanayeyuka. Kijiti nilichokiweka mfukoni mwa suruali kiligeuka uji kabla ya saa sita mchana. Sasa nakiweka kwenye kikopo kivulini, chini ya meza ya daftari. Na kwa mwanaume huku kwetu kupaka mdomo mbele za watu kulizua maneno. Wapagazi walinicheka wiki moja. Wawili kati yao sasa wananiuliza nimenunua wapi. 9 kati ya 10, ingekuwa 10 kama yangepatikana hapa Tandahimba.

Kuna jambo moja ambalo dawa zote hizi haziligusi, na nilijifunza kwa uchungu. Novemba ya mwaka juzi mdogo wangu wa kike alijifungua Newala. Kwetu Wamakonde mtoto anahesabiwa kwa mama yake, na mjomba ana nafasi yake. Nilikuwa nimeshanunua kanga na sabuni, nimepata ruhusa ya siku mbili, na asubuhi ya safari mdomo ukaanza kucheza. Nilikwenda. Nilipofika mlangoni muuguzi aliniangalia usoni, nami mdomo umeshavimba, akanisimamisha. "Wewe ni mjomba wa mtoto? Basi mpende kwa mbali." Akanieleza kwamba kirusi ambacho kwangu ni aibu ya siku kumi, kwa mtoto mchanga, hasa wiki za mwanzo, kinaweza kushuka kwenye ini na ubongo na kumuua. Busu moja linatosha.

Nilikaa kwenye benchi la nje, nikamwona mtoto kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Mama yangu alikasirika, akaona nimeifedhehesha familia kwa kukataa kumpokea mtoto. Ilinichukua muda kumweleza, na nilimweleza kwa ule mfano wake mwenyewe wa homa: kilichoko mdomoni kwangu ni kitu hai, mama, kinatafuta pa kwenda. Alinyamaza. Tangu siku hiyo ana kikombe changu pembeni kila mdomo unapotoka, na wajukuu wote hawabusiwi midomoni, na mtu yeyote. Nami sishiki kidonda kisha nikafikicha macho, kwa sababu kikiingia jichoni kinaweza kuharibu kuona. Ukiwa na kidonda cha hivi na jicho likaanza kuuma na kuwa jekundu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilisubiri gaga libanduke lenyewe na ngozi mpya ifunge. Siku ya 12 nilirudi Newala, nikanawa mikono mbele ya yule muuguzi, nikapewa mtoto.

Msimu huu nimejiandaa mapema. Septemba, kabla ya mnada wa kwanza, nilishuka Mtwara mjini nikanunua tyubu moja na vijiti viwili, na daktari aliniandikia vidonge vya kukaa navyo nyumbani. Angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi, tyubu yangu ya zamani ilikuwa imeshapita na nilikuwa sijui. Wiki mbili zilizopita niliamka saa tisa usiku, doa linacheza. Sikungoja kuche. Niliwasha tochi ya simu, nikameza kidonge cha kwanza na maji glasi mbili, nikarudi kulala. Mdomo uliwasha siku moja na nusu, ukavimba kidogo kama umeng'atwa na mbu. Malengelenge hayakutoka.