Seti ya fotoni pacha: inunuliwe kwa kioo chake, si kwa saa yake

Seti hii ya kufundishia fizikia ya kwantamu, iliyomo katika maabara yetu hapa Unguja tangu kabla ya masika, inanadiwa kuwa hupima uhusiano wa muda wa kasi mno baina ya fotoni (chembe za mwanga) zilizofungamana, yaani zenye hali moja ya pamoja hata zikitengana. Dai hilo lina ukweli, ila si pale muuzaji anapouweka.

Leza ya nanomita 405 hupita kwenye fuwele, na kwa nadra fotoni moja hugawika ikazaa pacha wa nanomita 810. Kisanduku cha kuhesabu matukio sadifu, yaani fotoni mbili kunaswa kwa pamoja, ambacho ndicho kinachosifiwa zaidi kwenye kijitabu, hakitenganishi nyakati zilizo chini ya nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache. Kwa pacha hawa, huko ni kupima mashindano ya ngalawa kwa kalenda.

Thamani yenyewe imo kwenye kipande kinachouzwa kando, chenye kigawa mwanga na kioo kinachosogezwa kwa skrubu laini. Fotoni mbili zinazofanana zikikutana hapo kwa wakati mmoja, hutoka pamoja upande mmoja, na matukio sadifu hupungua. Ndiyo mbinu ya Hong, Ou na Mandel ya mwaka 1987 huko Rochester, Marekani. Njia ya mwanga ikirefuka mikromita 0.3, fotoni huchelewa femtosekunde 1 (sehemu ya milioni ya nanosekunde), basi muda unasomwa kwa urefu. Wanafunzi waliposogeza kioo polepole, namba kwenye skrini zilishuka, zikagota, kisha zikapanda, na bonde lililochoreka lilikuwa na upana wa takriban mikromita 60, yaani femtosekunde 200.

Hata hivyo, bonde hilo peke yake si ushahidi wa ufungamano wa muda na nishati (nyakati na nishati za fotoni mbili kufungamana), kwani hata fotoni zisizofungamana, maadamu zinafanana, huweza kulitoa. MacLean, Donohue na Resch wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walioupima moja kwa moja mwaka 2018, walitumia mipigo mifupi mno ya leza kama lango la muda, na seti hii haina leza ya aina hiyo. Kijitabu kingelisema hivyo waziwazi.

Jambo jingine ni unyevu. Fuwele ya seti hii, ya aina iitwayo BBO (bariamu borati), huunyonya, na muuzaji hakuweka hata kifuko cha silika ndani ya boksi. Sisi tunaitunza kwenye chombo kinachofungwa barabara. Skuli yenye bajeti ndogo ichukue kisanduku cha kuhesabia cha bei nafuu, ili fedha zitoshe kununulia kioo na skrubu yake.