Chemba ya mawingu ya mezani: antimata inapita, kuitambua ni shughuli

Kwenye boksi la seti hii wameandika “Ona antimata nyumbani,” yaani chembe pacha za mata zenye chaji kinyume. Chemba ya mawingu ni sanduku lenye mvuke wa alkoholi uliopoa: chembe ndogo mno ikipita humo huacha mchirizi wa ukungu. Hawakudanganya, ila hawakumaliza maneno. Ndani mna sanduku la kioo la sentimita 20 kwa 20, bamba jeusi la alumini, utepe wa sufu nene, tochi, sumaku mbili na kijitabu.

Hapa Mombasa adui ni joto na unyevu. Loweka utepe kwa mililita 30 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya asilimia 70 ina maji mengi, wingu halikai. Barafu kavu (kaboni dioksidi iliyoganda), yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, iponde iwe unga ili bamba liilalie sawasawa. Mabonge huacha mianya na michirizi huonekana upande mmoja tu. Kaskazi ikikolea barafu hiyo hugeuka gesi upesi mno, basi itandaze ndani ya boksi la foam la kubebea samaki. Vaa glavu, fungua madirisha, na jiko liwe mbali. Mpira wa kuziba ukingo ni dhaifu: hewa ikipenya wingu huchafuka, kwa hiyo zungushia selotepu.

Baada ya dakika 10 hadi 15, zima taa na umulike ubavuni. Michirizi mifupi minene ni chembe za alfa kutoka radoni, gesi ya mionzi iliyomo hewani. Inayopindapinda ni elektroni. Mirefu iliyonyooka ni muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi zitokanazo na mionzi ya angani, zinazofika usawa wa bahari kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Zaidi ya nusu yake ni antimuoni, zenye chaji chanya. Antimata hiyo, mbele ya macho yako!

Lakini ipi ni ipi? Sumaku zilizomo haziwezi kupinda muoni kiasi cha kuonekana. Carl Anderson, mwanafizikia aliyegundua positroni (antimata ya elektroni) mwaka 1932, alitumia sumaku kubwa ya umeme na bamba la madini ya risasi (ledi) la milimita 6. Chembe ikivuka risasi hupungua kasi na kupinda zaidi, ndipo alipojua ilikotoka na kwamba chaji yake ni chanya. Bila hivyo, positroni inayopanda na elektroni inayoshuka huchora mstari ule ule.

Kijitabu ni kizuri hadi ukurasa wa mwisho, unaodai antimata huanguka juu, na kuchora ulimwengu ambamo mata na antimata hufukuzana. Modeli ya ulimwengu iitwayo Dirac-Milne ilijengwa kwa wazo la aina hiyo. Lakini mwaka 2023 jaribio la ALPHA, pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, liliachia antihidrojeni (hidrojeni ya antimata) ikaanguka chini kama dafu.

Kwa muoni pekee, pesa yake ni halali. Sumaku bandika kwenye friji.